Kuku mpole wa kufuga nyumbani: namna ya kuchagua mbegu, kununua na kumzoesha

Wengi wakiuliza kuku gani ni mpole wanataka watajiwe jina moja waende wakanunue, mambo yaishe. Majina yapo na nitayataja, ila kuna jambo wauzaji hawalisemi sana, upole wa kuku una bei yake. Yule anayetulia mkononi mara nyingi ndo huyohuyo anayeonewa na wenzake, au analowa chapachapa mvua kidogo tu ikinyesha, au anang'ang'ania kiota wiki tatu hataki kutoka na mayai hakupi. Kwa hiyo usitafute kuku mpole kuliko wote, tafuta yule ambaye shida zake unaziweza.

Hatua ya 1: unamtaka wa nini, na ataishi wapi

Kuku wa kubebwa na watoto, kuku wa kukufuata nyuma ukiwa unalima bustani, na kuku wa mayai ambaye angalau hakukimbii, hao ni kuku watatu tofauti kabisa. Kama kuna mtoto mdogo nyumbani nenda kwenye mbegu ndogo, maana jogoo wa Brahma anavuka kilo 5 na hata awe mtaratibu kama nini, akipiga bawa usoni mwa mtoto wa miaka mitatu huyo mtoto kuku hatamgusa tena.

Halafu hali ya hewa. Kuku hana tezi za jasho, joto analitoa kwa kuhema mdomo wazi na kupitia upanga wa kichwani na sehemu za mwili zisizo na manyoya, so hawa wanene wenye manyoya mazito wanateseka kweli kwenye joto kama hakuna kivuli na maji ya kutosha muda wote. Kwenye baridi ya barafu ni kinyume, wenye upanga mkubwa uliosimama ncha zake zinaganda na kuwa nyeusi, wakati Brahma mwenye kaupanga kafupi kalikolala kichwani anapeta tu.

Idadi: usifuge mmoja. Kuku ni ndege wa kundi, anzia watatu, maana wakiwa wawili mmoja akifa unabaki na mpweke. Na umri wao usikushtue, miaka 5 mpaka 8 ni kawaida na wapo wanaovuka 10, ila mayai mengi yanatoka miaka miwili ya mwanzo. Uamuzi wa akishaacha kutaga itakuwaje ufanye sasa hivi, sio siku ambayo watoto wameshampa jina.

Hatua ya 2: zijue mbegu na shida zake

Silkie ndo anatajwa na kila mtu na kweli anastahili. Asili yake China, na Marco Polo karne ya 13 aliandika habari za kuku wenye manyoya kama ya paka, wengi wanaamini alikuwa anawasema hawa. Ngozi nyeusi, mifupa myeusi, vidole vitano wakati kuku wengi wana vinne, na tetea ana kilo moja hivi tu. Unyoya wa kuku wa kawaida una vindoano vidogo sana vinavyoshikana ukawa ubapa mmoja, wa Silkie hauna, ndo maana ni laini vile na ndo maana hawezi kupaa, na sababu hiyohiyo inafanya maji yapite mpaka kwenye ngozi. Mvua ikimkuta nje wengine hawana hata akili ya kukimbilia bandani, anasimama palepale kajikunyata, manyoya yamegandamana mwilini anaonekana nusu ya alivyokuwa, na kukiwa na upepo baridi inaweza kumuua. Ukimkuta hivyo mkaushe kwa taulo umweke sehemu yenye joto.

Shungi lake linaziba macho, kwa hiyo ukimjia kutoka upande asiouona anaruka kwa kushtuka na watu wanasema kumbe ni mwoga, hapana, hakuoni tu, punguza manyoya ya juu ya macho kwa mkasi taratibu. Pia wengi wao fuvu la juu lina uwazi ambapo ubongo umefunikwa na ngozi tu, akidonolewa hapo na kuku mkubwa anaweza kushindwa hata kusimama. So Silkie na makuku makubwa yenye vurugu usiwachanganye. Mayai ni 100 hadi 120 kwa mwaka, madogo, na anaatamia balaa, mpe hata mayai ya bata atayakalia. Jambo la mwisho kuhusu hawa, jinsia yao haijulikani mapema, unaweza kusubiri mpaka miezi 4 au 6 na yule mliyemwita Malkia akaanza kuwika.

Cochin naye alitoka China, alipofika Uingereza na Marekani miaka ya 1840 na 1850 watu walipagawa, ufugaji wa kuku wa maonyesho ukawaka moto kipindi kile. Ni mkubwa, mviringo, miguu ina manyoya mpaka vidoleni, na utulivu wake umepitiliza kidogo kwa maoni yangu, anaweza kukaa mapajani saa nzima hana habari. Shida yake ni uvivu, ukimpa chakula bila mpangilio ananenepa vibaya, na yale manyoya ya miguuni yanabeba matope na kuficha utitiri wa miguu. Kuna Cochin wadogo kabisa, Uingereza wanawaita Pekin, hao kwa watoto nawapenda kuliko hata Silkie maana manyoya yao ni ya kawaida na wanaona vizuri.

Brahma ni jitu. Alitengenezwa Marekani kutokana na kuku waliotoka China kupitia Shanghai, na mwaka 1852 mfugaji mmoja, George Burnham, alimtumia Malkia Victoria kuku tisa wa namna hii, bonge la tangazo. Wapole kweli hata majogoo wengi, lakini hesabu gharama: mlango wa banda uwe mpana, fito za kulalia ziwe chini, chakula kinaisha haraka, na tetea anaweza kupita miezi 7 hajataga.

Ningeambiwa nimchagulie mtu anayeanza mbegu moja tu, ningesema Orpington. William Cook ndo aliitoa huko Kent, Uingereza, mwaka 1886 ikiwa nyeusi, ile ya rangi ya dhahabu ikaja 1894 na ndo wengi wanaitaka. Ana mwili wa kushikika, halowi kirahisi kama Silkie, mayai 150 mpaka 200 kwa mwaka, na anakuja kukuona hata kama hujashika bakuli la chakula. Ila uliza kama ni wa ukoo wa maonyesho au wa mayai, hawa wa maonyesho wamejazwa manyoya mpaka jicho halionekani na kutaga wanataga kwa kusuasua.

Ukitaka mayai zaidi bila kupoteza urafiki angalia Sussex, Plymouth Rock na Australorp. Sussex ni mdadisi, ukifungua mfuko wowote yeye yupo. Plymouth Rock yule wa mistari ni mvumilivu na haumwi hovyo. Australorp ilitokana na Orpington weusi waliopelekwa Australia, na kuna mmoja wao alitaga mayai 364 ndani ya siku 365, rekodi ambayo wa kwako hataifikia, lakini 200 na kitu inawezekana. Hawa watatu sio wa kubebwa sana, ni wa kutembea nawe.

Faverolles wa Ufaransa, mwenye ndevu na vidole vitano, ni mpole mno na anaongea kutwa, lakini akiwekwa na mbegu zenye ubabe anakuwa wa mwisho kula kila siku. Mchanganye na wapole wenzake au usimchukue.

Wa kuwa makini nao sasa. Leghorn anataga vizuri sana ila ana wenge, anaruka uzio na kushikwa hataki. Polish yule wa shungi kubwa ni kesi ya Silkie tena, haoni. Rhode Island Red matetea wazuri, majogoo yake yana sifa mbaya ya kurukia watu. Asil na Malay ni mbegu za kale za kupigana, na hapa kuna kitu watu wanachanganya: Asil anaweza kuwa mpole kabisa kwa binadamu, unambeba, unamlisha mkononi, halafu akamuua kuku mwenzake mchana wa siku hiyohiyo. Upole kwa watu na upole kwa kuku ni vitu viwili, uliza vyote.

Na chotara asiye na jina la mbegu? Sina neno naye. Jina la mbegu linakupa uwezekano tu, mwenye kuamua ni kuku mwenyewe na aliyemlea, na ndo maana hatua ya 4 naipa uzito kuliko hii.

Hatua ya 3: kifaranga au kuku aliyekua

Kifaranga anakuzoea zaidi kwa sababu siku mbili za mwanzo ndo anajifunza nani wa kumfuata, lakini ana kazi: joto la nyuzi 35 wiki ya kwanza, unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yatoke, chakula cha vifaranga chenye protini asilimia 18 mpaka 20, na usimpe kabisa chakula cha kutagia maana kalsiamu ile nyingi inaharibu figo zake. Na humo ndani karibu nusu ni majogoo, jipange. Ukiwa hauna muda chukua wa miezi minne kwenda mitano wanaokaribia kutaga, jinsia imeshajulikana na tabia inaonekana. Kwa vyovyote uliza chanjo, ya mareksi (ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku) inatolewa siku ya kwanza kifaranga anapoanguliwa, na ya mdondo (kideri) inarudiwa, uliza lini ya mwisho na daktari wa mifugo akupangie inayofuata.

Hatua ya 4: siku ya kuchagua

Usiende jua kali la mchana, wote watakuwa wamelala kivulini utadhani wapole. Ukifika usiingie bandani moja kwa moja, simama pembeni uangalie kwanza wanavyoishi wenyewe. Mzima ana macho makavu maangavu, pua haina kamasi, hapumui kwa kukoroma, manyoya ya nyuma ni masafi, anatembea bila kuchechemea. Kama mmoja tu anakohoa na wengine wako sawa, usichukue hata hao wengine.

Kisha chuchumaa, weka mkono chini ukiwa wazi na punje chache, nyamaza. Watakaokuja mbio kwanza wakigombana ni walafi, usidanganyike. Watakaojibana kona ya mwisho achana nao. Unayemtafuta ni yule anayesogea hatua mbili, anasimama, anageuza kichwa akuangalie kwa jicho moja, anageuza tena akuangalie kwa la pili, halafu anadonoa na harudi nyuma ukicheza kidole kidogo.

Mwambie mwenye kuku amkamate na wewe uangalie anavyomkamata, hapo utajua wamelelewaje, anayelazimika kukimbiza na wavu hao kuku hawajazoea mkono. Ukipewa, pitisha kiganja chini ya kifua, miguu ikae katikati ya vidole vyako, mkono wa pili ufunike mabawa, kichwa kielekee nyuma ya kiwiko chako. Wote watapaparika kidogo. Hesabu polepole mpaka 30. Mpole shingo inalegea, anaanza kuangaza angaza, mwingine hata anadonoa kifungo cha shati. Mwoga anabaki mgumu, moyo unasikika unadunda kwenye kiganja, mdomo wazi. Na muuzaji akikuonyesha ule mchezo wa kumlaza chali, kuku akaganda kimya, akasema "unaona alivyo mpole", usikubali, kuku anaganda hivyo kwa hofu, mwili unajifanya umekufa.

Kabla hujamrudisha fungua manyoya chini ya bawa na karibu na njia ya haja, uangalie chawa na utitiri, na miguuni magamba yalale vizuri, yakiwa yameinuka na ukoko mweupe ni utitiri wa miguu. Halafu omba kumuona jogoo aliyewazaa. Akija anakurukia, watoto wake wa kiume usiwachukue.

Hatua ya 5: banda, kwa kifupi

Ndani kama robo tatu ya meta kwa nusu meta kwa kila kuku wa kawaida, nje meta moja ya mraba na zaidi, fito sentimeta 20 mpaka 25 kwa kila mmoja, kiota kimoja kwa matetea wanne au watano. Mbegu nzito fito zisizidi nusu meta kwenda juu, wakiruka chini kila asubuhi nyayo zinapata vidonda vinavyovimba. Silkie hata fito wengi hawatumii, wanalala wamerundikana chini, so maranda yawe makavu muda wote. Usiku funga kabisa, kicheche anapita kwenye tundu dogo kuliko unavyofikiria. Waachie na sehemu ya vumbi kavu, kuku anavyojigaragaza mle ndo anavyooga na kupunguza wadudu, ukimkuta kalala upande mguu juu usikimbilie kumpa dawa, yuko bafuni.

Hatua ya 6: kumzoesha

Siku mbili tatu za mwanzo muache. Mpe maji na chakula, ondoka. Baada ya hapo kaa chini karibu nao muda uleule kila siku, na neno kaa chini namaanisha chini kweli, maana kwa kuku chochote kinachomshukia kutoka juu ni mwewe. Mkono upitie ubavuni au kwa chini, usimshike mgongoni kutokea juu hata siku moja kwa wiki hizi za mwanzo. Mkono uwe na kitu anachokipenda, punje, funza wakavu, kipande cha tikiti, ila vitamu visizidi kama asilimia 10 ya anachokula kwa siku. Parachichi, chokoleti, maharage mabichi na vyakula vya chumvi nyingi havimfai kabisa.

Aliye mgumu mzoeshe jioni. Kuku gizani haoni vizuri, akishapanda kwenye fito anatulia, mguse kifua, mpapase shingo, muache alale. Ukiwa unafanya hivyo kila siku, mchana pia ataanza kukubali.

Kuna siku utanyoosha mkono na tetea atachuchumaa ghafla, mabawa yametanuka kidogo, hasogei. Watu wanafurahi wanasema kanipenda. Anachofanya ni kile anachomfanyia jogoo anapotaka kumpanda, maana yake amekaribia kutaga, tengeneza viota. Mapenzi ya kuku utayaona kwingine, anapokuja kulala karibu na mguu wako wakati hauna chakula, au anapojisafisha manyoya akiwa mapajani, kuku mwenye wasiwasi hajisafishi.

Nawa mikono kwa sabuni kila ukitoka kwao, kuku mzima kabisa anaweza kuwa na bakteria wa salmonela. Kumbusu kuku hapana, na watoto chini ya miaka 5 wasimamiwe.

Hatua ya 7: wageni na majogoo

Ukiongeza kuku wapya watenge mwezi mzima sehemu nyingine kwanza, kisha waonane kupitia wavu wiki moja au mbili, kisha waingie jioni. Usiingize mmoja peke yake. Kuku wana ngazi zao za ukubwa, nani anamdonoa nani, kitu alichokieleza Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norway tangu 1921, na mgeni anaanzia chini kabisa hata kama kwao alikuwa bosi. Kudonoana kidogo ni kawaida, damu ikitoka mtoe aliyeumia haraka, wakiona rangi nyekundu hawaachi.

Jogoo: kama unapoishi kuna sheria ya kelele usihangaike naye, mayai yanatoka bila yeye. Ukimchukua, usimlee kama mtoto wa kubebwa kutwa, maana jogoo aliyepoteza woga wote kwa watu, akifika miezi mitano sita na kuendelea akili ikimkaa ya kutawala anaanza kukuona wewe ni jogoo mwenzake. Dalili zinaonekana mapema, anakujia kwa upande, bawa moja limeshuka linaburuza chini, anadonoa ardhi bila kula kitu huku anakutazama. Usikimbie na usimpige teke, vyote anavichukulia ni pambano. Simama, songa mbele taratibu mpaka yeye aondoke kwanza, na watoto wasiingie humo peke yao kipindi hicho. Ukifanya hivyo wiki kadhaa na bado anarusha ule mwiba wa nyuma ya mguu, muondoe kundini na mayai aliyoyarutubisha usiyaangulishe, ukali kwa sehemu unarithiwa.